Wawili Ukingoni mwa Drakensberg

Njia ndefu ya kuvuka milima ya Drakensberg kwa miguu, ambayo wakimbiaji wa milimani huiita Grand Traverse, huanzia kwenye maegesho ya magari ya Sentinel upande wa kaskazini na kuishia kituo cha mpakani cha Bushman's Nek upande wa kusini. Kati yake kuna takriban kilomita 209, nyingi zikiwa karibu na mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, juu ya gema linalotenganisha jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini na Ufalme wa Lesotho. Hakuna kibao, utepe wala mawe yaliyopakwa rangi ya kuonyesha njia. Kuna vituo vichache tu ambavyo lazima vifikiwe: ngazi za minyororo, kilele cha Mont-aux-Sources, Cleft Peak, Champagne Castle, Mafadi, Giant's Castle, Thabana Ntlenyana na mwishowe mteremko wa Thamathu. Namna ya kutoka kituo kimoja hadi kingine ni juu ya mkimbiaji mwenyewe.

Anayetaka muda wake utambuliwe hubeba kila kitu tangu hatua ya kwanza. Haruhusiwi kuficha chakula njiani siku za nyuma, wala kupokewa katikati ya safari na mtu mwenye chai ya moto na soksi kavu. Masharti hayo yanatokana na safari ya Gavin na Lawrie Raubenheimer, waliovuka mwaka 1999 kwa takriban saa 105. Mwaka 2010 Ryno Griesel na Cobus van Zyl walitumia saa 60 na dakika 29. Mwezi Machi 2014 Griesel alirudi, safari hii akiwa na Ryan Sandes, na wawili hao wakamaliza kwa saa 41 na dakika 49. Katikati ya rekodi hizo kuna ya Andrew Porter, aliyevuka peke yake mwaka 2009 kwa saa 61 na dakika 24, kwa hiyo mtu mmoja anaweza. Hata hivyo, njia hii kwa sehemu kubwa imekuwa kazi ya watu wawili wawili, na sababu zake ziko katika ardhi yenyewe.

Mbio za milimani za jozi zina historia ndefu mahali pengine. Nchini Uingereza, mashindano yaliyoanza mwaka 1968 kwa jina la Karrimor, ambayo leo hujulikana kama OMM, huwapeleka watu wawili wawili vilimani kwa siku mbili wakiwa na hema, chakula na ramani mgongoni. Katika Milima ya Alps, mbio za Transalpine zilizoanza mwaka 2005 huvuka kutoka Ujerumani hadi Italia kwa hatua za kila siku, na kanuni yake inayojulikana zaidi ni kwamba wenza hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika mbili. Waandaaji waliweka kanuni za namna hii kwa ajili ya usalama kwanza. Mtu akivunjika mguu mahali ambapo simu haishiki, mwenzake ndiye simu yake. Lakini kanuni iliyowekwa kwa ajili ya usalama ilizaa mchezo wa aina nyingine kabisa, ambamo mwenye mapafu makubwa hana faida yoyote ikiwa mwenzake amekaa juu ya jiwe na kuinamisha kichwa.

Ni vyema kupima ukubwa wa kazi kabla ya kuiingia. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ya kukadiria mwendo wa milimani ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita tano hivi, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kilomita 209, pamoja na miinuko inayokadiriwa kufika mita 9,000 kwa jumla, kanuni hiyo inatoa saa zipatazo 57 za mwendo usiokatika, bila kulala, bila kula, bila kufunga kamba ya kiatu. Sandes na Griesel walikwenda wastani wa kilomita tano kwa saa mchana na usiku, vituo vyote vikihesabiwa. Kwenye lami mwendo huo ni wa mtu anayewahi daladala. Kwenye gema la Drakensberg ni mwendo ambao watu wachache sana duniani wameuweza kwa siku moja na robo tatu.

Ardhi yenyewe ni lava. Miaka milioni 180 hivi iliyopita, bara kuu la Gondwana lilipoanza kupasuka, matabaka kwa matabaka ya basalti yalimwagika juu ya mawe ya mchanga na kuganda. Mmomonyoko umekula upande wa mashariki hadi ukabaki ukuta mweusi, na juu yake kuna nyanda zilizokunjamana zinazoteremka polepole kuelekea ndani ya Lesotho, nchi ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000. Katika mapango ya mawe ya mchanga, chini ya ukuta, Wasani waliacha michoro ya swala na wawindaji. Michoro hiyo pamoja na milima yenyewe ndiyo iliyoifanya hifadhi ya uKhahlamba-Drakensberg iingizwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Mkimbiaji wa Grand Traverse haioni hata mmoja, kwa sababu hupita juu, mahali penye nyasi za mafundo, mawe yaliyolegea na vijito.

Vijito hivyo ni dira ya kwanza ya njia hii. Mpaka wa nchi mbili hufuata mgongo wa gema, na mgongo huo ndio unaogawa maji. Yanayoangukia mashariki hushuka kwa kishindo na kuishia Bahari ya Hindi kupitia mito kama Thukela. Yanayoangukia magharibi huingia Senqu, ambao ukishatoka Lesotho huitwa Orange, na kuvuka bara zima hadi Atlantiki. Anayejua hili ana kipimo hata gizani: akivuka maji mengi yanayokwenda kulia kwake, amezama ndani mno ya Lesotho na anapanda na kushuka mabonde bila sababu; akisikia upepo ukipanda kutoka chini kushoto kwake, yuko ukingoni na asisogee tena upande huo. Kati ya maonyo haya mawili ndimo njia nzuri ilimo, na upana wake hubadilika kila saa.

Hali ya hewa haina huruma. Kwenye mita 3,000 shinikizo la hewa ni kama asilimia 70 tu ya lile la pwani, kwa hiyo mtu aliyetoka Durban asubuhi huhema kwa kazi ambayo nyumbani asingeihisi. Majira ya kiangazi cha kusini, kuanzia Novemba, mawingu hujikusanya mchana na kupasuka kwa radi na mvua ya mawe. Kuanzia Juni kuna theluji na barafu, na hata nje ya majira hayo usiku mmoja unaweza kugandisha maji ndani ya chupa. Machi na Aprili huchaguliwa na wengi kwa kuwa radi zimepungua na baridi kali haijaingia. Radi ndiyo hali pekee inayovunja kanuni ya kuandamana: jozi iliyokutwa juu ya uwanda na ngurumo hutakiwa kutengana makumi ya mita na kuchuchumaa mbali na miinuko, ili umeme ukipiga usiwakute wote wawili pamoja, na mmoja abaki wa kumsaidia mwingine.

Safari huanza kwa mwinuko wa taratibu kutoka Sentinel, kwenye mita 2,500 na ushee, kwa njia iliyokanyagwa vizuri na watalii. Inapofika chini ya ukuta, njia hiyo hukoma na ngazi huanza. Ni ngazi mbili ndefu za vidato vya chuma zilizoning'inizwa kwa minyororo kwenye mwamba ulio wima. Chuma hutikisika mtu anapopanda, na vidato vyake ni baridi kiasi cha kuuma vidole hata kukiwa na jua. Hapa ndipo jozi huanza kufanya kazi kama jozi: mmoja hupanda, wa pili hungoja pembeni, si chini, kwa sababu kila kiatu kinachofika juu huangusha vijiwe. Aliye juu akishasogea na kuita, wa pili hushika kidato cha kwanza. Mwandishi wa makala haya, aliyepita sehemu ya kaskazini ya njia hii na rafiki yake wa Moshi aliyezoea milima tangu utotoni, alitegemea kwamba mzoefu angekuwa mbele. Mzoefu alikataa. “Tangulia wewe, kaka,” alisema. “Mimi nitakutazama miguu.”

Juu ya ngazi kuna uwanda wa Amphitheatre, na mto Thukela ukiwa bado ni kijito cha kurukwa hutiririka hadi ukingoni na kutumbukia kwa vishindo kadhaa. Maporomoko hayo, ambayo kimo chake kimetajwa kwa miaka mingi kuwa mita 948, ni miongoni mwa marefu kabisa duniani. Nyuma ya uwanda ni Mont-aux-Sources, mita 3,282, jina lililotolewa mwaka 1836 na wamisionari Wafaransa Thomas Arbousset na François Daumas. Kilele chenyewe si kikali. Ni mgongo mpana wa nyasi na mawe, na jozi nyingi hukigusa na kugeuka upesi kwa kuwa ndicho kilele kilicho karibu zaidi na mwanzo, nguvu zikiwa bado tele.

Nguvu hizo ndizo hatari ya saa za mwanzo. Miguu mibichi hudanganya, na jozi ambayo wenza wake hawajakubaliana mwendo mapema hujikuta mmoja anavuta na mwingine anakimbilia. Katika ultramarathoni yoyote, yaani mbio zinazozidi kilomita 42.195, kuanza kasi ni kosa la kawaida. Wakiwa wawili kosa hilo huchochewa na haya: anayechoka hataki kusema, na aliye mbele huchukulia kimya kuwa ridhaa. Wakimbiaji wenye uzoefu wa jozi huondoa haya hiyo kwa utaratibu. Aliye dhaifu kwa saa hiyo ndiye huwekwa mbele, kwa kuwa mwendo wa jozi ni mwendo wake hata hivyo, na akiwa mbele hataona mgongo wa mwenzake ukizidi kwenda mbali. Au hupeana zamu kwa muda maalumu bila kujali nani anajisikia vipi. Au kila nusu saa mmoja huuliza maswali yaleyale matatu: umekula, umekunywa, miguu ikoje. Jibu la “niko sawa” halikubaliki; hutakiwa jibu la kitu, kama tende ngapi au maji kiasi gani.

Suala la chakula linastahili nafasi zaidi kuliko linavyopewa na wengi wanaosimulia mbio hizi. Mwili unaofanya kazi milimani unaweza kupokea kalori kama 200 hadi 300 kwa saa bila tumbo kuasi, na hutumia zaidi ya hizo. Upungufu hulipwa na akiba ya mwili, lakini hulipwa polepole, na mtu aliyeacha kula saa nne zilizopita hana habari kwamba hasira yake ya sasa, uzito wa miguu na hamu ya kukaa chini ni njaa. Yeye huona ni tabia mbaya ya mwenzake, au ubaya wa njia. Mwenzake huiona njaa hiyo kabla yake. Humwona akijikwaa mahali pasipo na jiwe, akijibu kwa neno moja, akiufungua mkoba na kuufunga tena bila kutoa kitu. Hapo hakuna mjadala; chakula hutolewa, hufunguliwa na kutiwa mkononi. Maji si tatizo kwa wingi, kwani vijito viko kila bonde, ila mifugo hunywa humohumo, hivyo husafishwa kwa dawa au chujio. Na anayekunywa maji matupu lita baada ya lita bila chumvi hujitia katika hatari nyingine, ya chumvi kupungua mno katika damu.

Kati ya Mont-aux-Sources na Cleft Peak, kilele cha takriban mita 3,280 juu ya eneo la Cathedral Peak, gema limekatwakatwa na mabonde mengi. Hapa jozi hukutana mara kwa mara na chaguo moja: kushuka bondeni na kupanda ng'ambo, au kuzunguka kichwa cha bonde kwa usawa uleule na kuongeza kilomita. Hakuna jibu la jumla. Kuzunguka huokoa mapaja, lakini mwendo wa pembeni mwa mlima huzikunja nyayo upande mmoja hadi malengelenge yanatokea. Kushuka huumiza zaidi ya kupanda, maana misuli ya paja hulazimika kujikaza huku ikirefushwa, na maumivu yake huja siku ya pili. Aliyepita awali hukumbuka kila shingo ya mlima na hupoteza dakika chache tu pale ambapo mgeni hupoteza saa. Griesel alikuja mwaka 2014 na elimu hiyo kichwani, pamoja na miaka yake katika mashindano ya timu ya porini ambako kusoma ramani ni nusu ya mchezo. Sandes, mtu wa Cape Town, alikuja na miguu iliyoshinda mbio za Leadville mwaka 2011 na kuwa ya kwanza kushinda mbio zote nne za jangwani za 4 Deserts. Mmoja alijua pa kwenda, mwingine alijua kukimbia. Ni jozi iliyochaguliwa kwa kukamilishana, na hilo lina maana zaidi hapa kuliko kuwa na wakimbiaji wawili wanaolingana katika kila kitu, pamoja na udhaifu.

Ukungu ndio mtihani wa kweli. Hupanda kutoka KwaZulu-Natal bila kuaga na kuufunika ukingo, na kwa dakika chache mtu huona nyasi zilizo mbele ya viatu vyake tu. Kifaa cha setilaiti husaidia, ila betri hufa kwa baridi, na kufuata mshale kwenye kioo kidogo huku ukikimbia juu ya mawe ni njia nzuri ya kuvunja kifundo. Watu wawili wana mbinu ambayo mmoja hana. Wa nyuma hushika dira na kusimama. Wa mbele hutembea hadi mwisho wa upeo wa macho, na wa nyuma humwelekeza kwa sauti, kulia, kulia kidogo, basi, hapo. Kisha humfuata na kuanza upya. Wa mbele amekuwa alama ya mlima ambayo ukungu umeificha. Mwandishi na mwenzake walilazimika kusonga hivyo juu ya nyanda za kaskazini alasiri moja. Sauti katika ukungu huja bila upande, na ilibidi mwenye dira ainue taa na kuizungusha ili ajulikane alipo. Umbali ambao mchana mweupe ungekuwa wa kupiga soga ulichukua muda mrefu, na mbwa walianza kubweka kabla hawajaona kibanda chochote.

Kilikuwa kituo cha mifugo, motebo kwa lugha ya Kisotho: kibanda cha mviringo cha mawe makavu kilichoezekwa nyasi, na zizi pembeni. Mchungaji, kijana aliyejifunga blanketi zito la sufu begani na kuvaa mabuti ya mpira, aliwanyamazisha mbwa kwa mluzi mmoja. Salamu ilikuwa “lumela,” ikajibiwa, na kwa kidole alionyesha upande uliokuwa hasa pale mshale wa dira ulipoelekea, kisha akatazama mawingu na kutikisa kichwa. Wachungaji hawa hupandisha kondoo wa merino na mbuzi wa angora kwenye malisho ya juu kwa miezi, na manyoya ya mbuzi hao ni mojawapo ya bidhaa kubwa za nje za Lesotho. Wanalijua gema kwa miguu kuliko ramani yoyote. Katika masimulizi ya wapandaji wa Afrika Kusini hutajwa mara nyingi kwa hofu, kwa sababu wizi wa mikoba na hema umetokea, na tahadhari ni halali. Lakini njia ambazo wakimbiaji wanazisifu kwa ulaini wake zimekanyagwa na mifugo yao, na mgeni anayepita uani kwa mtu usiku na taa kichwani bila kusalimu ndiye anayepaswa kujieleza.

Kusini zaidi njia huinuka. Champagne Castle hufika mita 3,377, na baada yake huja Mafadi, mita 3,450, kilele kirefu kuliko vyote katika ardhi ya Afrika Kusini, kikiwa mpakani kabisa. Kwa jozi zenye kasi sehemu hii huja usiku. Taa ya kichwani humwonyesha wa mbele duara dogo la mawe na kumnyang'anya umbo la mlima, kwa hiyo wa nyuma huzima yake mara kwa mara ili macho yazoee giza na yaone mstari wa kilele dhidi ya nyota. Ni mgawanyo wa kazi: mmoja hutazama chini, mmoja hutazama mbali. Saa za kabla ya mapambazuko ndizo ngumu kuliko zote. Joto la mwili hushuka, usingizi huvuta, mawe huanza kuonekana kama watu waliokaa. Kulala dakika kumi au ishirini kwa zamu, au wote wawili wakiwa wamekumbatiana ndani ya mfuko mmoja wa dharura, hurudisha akili kwa kiasi cha kushangaza. Na mlalaji wa peke yake huogopa, kwa haki, kwamba hataamka.

Baridi ya namna hiyo huua kwa udanganyifu. Mtu anayeanza kupoteza joto hutetemeka, kisha hunuia mambo bila kuyatenda, kisha huacha kutetemeka na kudai kwamba amepata nafuu. Yeye mwenyewe hawezi kulitambua hilo, kwa kuwa chombo cha kutambulia ndicho kilichoharibika. Kwa sababu hiyo, jozi makini hukubaliana nyumbani, wakiwa wamekaa mezani na akili timamu, kwamba mmoja akisema “vaa koti” mwingine atavaa bila kuuliza, na mmoja akisema “tunashuka” watashuka. Njia za kushukia upande wa KwaZulu-Natal ni chache na nyingine ni mifereji ya mawe isiyofaa gizani, hivyo huwekwa alama kwenye ramani mapema pamoja na muda wa kufika kila moja.

Baada ya Mafadi njia hupita karibu na mteremko unaoitwa kwa jina la Langalibalele, mtawala wa Wahlubi, aliyekimbilia huku mwaka 1873 pamoja na watu na ng'ombe wake akiikwepa serikali ya kikoloni ya Natal. Wanajeshi walipandishwa kumzuia, mapigano yakatokea juu ya gema mwezi Novemba, na baadaye alikamatwa Lesotho, akahukumiwa na kupelekwa kisiwa cha Robben. Waliopita hapa na watoto, mizigo na mifugo walikuwa na haraka kuliko mkimbiaji yeyote wa leo. Karibu yake ni Giant's Castle, mita 3,315 hivi, kilele kilichochomoza mashariki mbali na mgongo mkuu, kwa hiyo ni lazima kukiendea na kurudi kwa njia ileile. Kwa mwili uliochoka ni adhabu: kila hatua ya kwenda ni hatua ya kurudi. Ugomvi wa jozi hupenda kuzuka hapa. Masharti hayaruhusu mmoja abaki na mikoba huku mwingine akigusa kilele kwa niaba ya wote wawili, wote huenda.

Njia ya kumsaidia aliyezidiwa ipo, na si ya maneno matupu. Kwanza huchukuliwa mzigo wake, kitu kimoja kimoja, chupa ya maji, kisha koti, kisha chakula, hadi uzito uhamie kwenye mgongo wenye nguvu. Katika mashindano ya timu ya porini hutumika pia kamba fupi ya mpira kutoka kiunoni kwa mwenye nguvu hadi kwa aliyechoka. Mvuto wake ni mdogo, lakini kwenye mwinuko mrefu huweka mwendo ambao aliyechoka angeupoteza kila baada ya hatua kumi. Ugumu uko upande wa anayesaidiwa. Kukubali kupunguziwa mzigo mapema, wakati bado mtu anajiona anaweza, ni jambo linalowashinda wanaume hasa, na kuchelewa huko hugharimu jozi saa nzima baadaye. Ndani ya saa arobaini au sitini karibu kila mtu atakuwa mzigo kwa mwenzake wakati fulani, na zamu hubadilika: aliyebebewa chupa usiku ndiye anayebeba mbili asubuhi.

Thabana Ntlenyana haumo kwenye ukingo. Mlima huo uko ndani ya Lesotho, na mgeni asiye na ramani anaweza kuupita bila kujua, kwa kuwa ni kilima kipana chenye chungu ya mawe juu, kimezungukwa na vilima vinavyofanana nacho. Ila urefu wake ni mita 3,482. Vitabu hupenda kuandika kwamba ndio mrefu kuliko yote barani Afrika kusini mwa Kilimanjaro. Kwa haki ya ramani ingefaa kusema kusini mwa Meru, ambao uko kusini kidogo zaidi ya Kilimanjaro na unafika mita 4,566. Kutoka Meru kushuka hadi ncha ya bara, Hanang wenye takriban mita 3,420 hukaribia lakini haufiki. Jozi inayogusa mawe yale imemaliza vilele vyote, ingawa haijamaliza safari, na hapo ndipo akili hulegea kabla ya miguu.

Zinazofuata ni kilomita nyingi za kusini, za chini kidogo na za kuchosha macho. Njia hukatiza barabara inayopanda kutoka mteremko wa Sani, ambao kituo chake cha juu kiko kwenye mita 2,876, na kwa mara ya kwanza tangu Sentinel magari husikika. Kishawishi ni kikubwa, kwa kuwa kule kuna moto, chakula na watu. Jozi inayotaka muda wake utambuliwe huvuka barabara na kuendelea. Kuanzia hapa miguu iliyovimba haitaki tena kiatu, na mteremko mdogo huuma kama mkubwa. Mazungumzo huwa yamekwisha muda mrefu, na kilichobaki ni taarifa: kijito, jiwe, shimo, kushoto. Huduma hiyo ndogo ya kumtajia mwenzako jiwe kabla hajalikanyaga, mara mia kadhaa kwa usiku mmoja, haionekani katika rekodi yoyote, na bila hiyo rekodi nyingi zisingekuwepo.

Mteremko wa Thamathu huiacha Lesotho karibu na hifadhi ya Sehlabathebe na kushuka hadi Bushman's Nek, kituo kidogo cha mpakani ambacho wasafiri wa kawaida hukipita kwa miguu au juu ya farasi. Mgongo wa gema umewapitisha wakimbiaji upande huu na ule wa mpaka mara nyingi, hivyo pasi ya kusafiria ni sehemu ya mzigo kama koti la mvua. Kwa jozi saa husimama anapofika wa pili. Sandes na Griesel waliufikia mwisho huo mwaka 2014 baada ya kupunguza zaidi ya saa 18 katika rekodi ambayo Griesel mwenyewe aliiweka na van Zyl. Miaka minne baadaye, Machi 2018, wawili hao waliondoka Hilsa kwenye mpaka wa Nepal na Tibet, wakakimbia na kutembea kilomita 1,406 za Great Himalaya Trail hadi Pashupatinagar kwenye mpaka wa India. Walitumia siku 25, saa 3 na dakika 24. Griesel alipata jeraha la barafu vidoleni njiani. Rekodi waliyoivunja huko, ya mwaka 2016, ilikuwa ya Andrew Porter, mtu yuleyule aliyelivuka gema la Drakensberg peke yake.